Macho ya samaki wa chini ya jangwa la Somalia: yaliondolewa, au yalikosa mlinzi?

Chini ya jangwa la Somalia ya kati, katika maji yaliyojificha ndani ya miamba, anaishi samaki ambaye wanasayansi humwita Phreatichthys andruzzii. Hana macho, hana magamba, na ngozi yake haina rangi. Alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na inakadiriwa kwamba ukoo wake umetengwa na dunia ya juu kwa muda wa kati ya miaka milioni 1.4 na milioni 2.6. Huko aliko chakula ni haba, joto la maji halibadiliki, na hakuna mchana wala usiku.

Kuhusu samaki wa aina hii kuna mabishano ya muda mrefu. Upande mmoja unashikilia kwamba macho yaliondolewa na uteuzi asilia, yaani hali ambapo viumbe wenye sifa zinazowafaa huishi na kuzaa zaidi, kwa sababu kuyatunza ni gharama. Upande wa pili unasema kwamba macho yalipotea kwa sababu gizani hapakuwa tena na nguvu ya kuyahifadhi. Hoja ya gharama imezoeleka kiasi kwamba wengi huirudia kana kwamba imefunga mjadala, ilhali hoja ya pili huchukuliwa kuwa masalia ya fikra za zamani. Mwaka 1859 Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya uteuzi asilia, aliandika kwamba ni vigumu kuona jinsi macho yasiyo na faida yangeweza kumdhuru mnyama wa gizani, na kwa hiyo upotevu wake aliuhusisha na kutotumika tu. Tangu hapo, anayeutetea upande huu hudhaniwa anasema kwamba kiungo kisichotumika hunyauka na mnyauko huo kurithiwa na watoto.

Sivyo upande huu unavyosema. Unachosema ni kwamba makosa katika vinasaba hutokea daima, kwa kila kiumbe na katika kila kizazi. Kwenye mwanga, samaki mwenye kosa linaloharibu macho hukosa chakula au huliwa mapema, na kosa hilo hufa pamoja naye. Gizani samaki huyo huzaa sawa na wenzake. Ni kama matini inayonakiliwa kwa mkono miaka nenda miaka rudi bila msomaji wa kuisahihisha: hakuna aliyekusudia kuiharibu, lakini mwisho wake haisomeki tena.

Hata hivyo, hoja ya gharama ina ushahidi wa kweli. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kuhusu samaki wa mapango ya Meksiko, Astyanax mexicanus, vilionyesha kwamba macho na sehemu za ubongo zinazohudumia kuona hutumia takribani asilimia 15 ya nishati ya samaki mchanga wa gramu moja aliyetulia, na takribani asilimia 5 anapozidi gramu nane. Mahali penye njaa ya kudumu, hayo ni matumizi makubwa. Tena, uchunguzi wa mwaka 2007 juu ya samaki hao hao ulibaini kwamba sehemu za vinasaba zinazoathiri ukubwa wa jicho zote zilivuta upande mmoja, wa kulipunguza, ilhali zile za rangi zilivuta huku na huku. Matokeo ya namna hiyo ndiyo tunayoyatarajia pale uteuzi unapofanya kazi kwenye jicho huku rangi ikiachiwa bahati. Kwa jicho, basi, nakubali kwamba gharama ilichangia.

Lakini mwili wa samaki si jicho pekee, na hapo ndipo samaki wa Somalia anapokuwa shahidi muhimu kuliko yule wa Meksiko. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa saa yake ya mwili, yaani mfumo wa ndani ya seli unaopanga shughuli za kiumbe kulingana na wakati. Walikuta kwamba mwanga hauwezi kuirekebisha saa hiyo, kwa sababu jeni za protini mbili zinazopokea mwanga zimevunjika. Saa yenyewe haijafa. Samaki akilishwa kwa wakati ule ule kila siku, huanza kuchangamka kabla ya chakula kufika. Ila ikiachwa iende yenyewe, mzunguko wake hurefuka hadi kufikia saa 47.

Saa 47 si kiwango cha kupitia haraka. Uteuzi ukiunda saa, tunatarajia iendane na kitu fulani: mzunguko wa jua, wa mwezi, au wa maji kupwa na kujaa. Saa 47 haziendani na chochote kati ya hivyo. Mtu anaweza kudai kwamba saa ya polepole huokoa nishati, na siwezi kulikataa dai hilo moja kwa moja. Lakini maelezo yaliyo mepesi zaidi ni kwamba saa hii imepoteza urefu wake wa zamani kwa sababu samaki aliyekuwa nao hakuwa na faida yoyote juu ya mwenzake aliyeukosa. Kilichobaki ni kile ambacho huenda bado kina kazi, yaani kukingojea chakula.

Ushahidi wa pili ulitolewa mwaka 2018, na kwangu ndio mzito zaidi. Viumbe wengi sana, kuanzia bakteria hadi mimea na samaki, wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha shughuli za kikemia mwilini, vinavyotumia mwanga wa kawaida kurekebisha DNA iliyoharibiwa na mionzi ya urujuanimno ya jua. Samaki wa Somalia amepoteza uwezo huo. Sidhani kama hasara hii inaweza kuelezwa vizuri kwa hesabu ya nishati, kwa sababu vimeng'enya vichache haviwezi kulinganishwa na retina, tabaka la jicho linalopokea mwanga, na ubongo unaoihudumia. Nasi hatuna haki ya kumwita samaki huyu kiumbe aliyeporomoka, maana mamalia wenye kondo la nyuma, tukiwemo sisi, tumeupoteza uwezo huo huo, na wengi wanauhusisha upotevu wetu na mababu walioishi usiku.

Upande wa gharama una jibu moja linalostahili kupimwa: samaki huyu bado huukwepa mwanga. Ikiwa kila kisicholindwa hupotea, mbona tabia hii ingalipo baada ya muda wote huo? Yumkini bado inalindwa. Samaki wa chini ya ardhi anayeusogelea mwanga wa kisima huenda akajikuta mahali asipoweza kuishi, na kosa la namna hiyo lisingevumiliwa kama linavyovumiliwa kosa la saa. Kwa hiyo tabia hii haiipingi hoja ya pili. Inaonyesha kwamba hata gizani ulinzi haukuondoka kwa kila kitu, bali kwa vile tu vilivyokosa kazi.

Tofauti ya pande hizi inagusa pia uhifadhi. Astyanax wa mapangoni bado ana ndugu wenye macho katika mito ya juu na anaweza kuzaliana nao. Phreatichthys ni spishi pekee katika jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na macho ambayo kiinitete chake bado huanza kuyaunda hufa kabla hayajafanya kazi. Samaki ambaye baadhi ya jeni zake za kupokea mwanga na za kujikinga na madhara ya jua zimevunjika hawezi kuhamishiwa mtoni maji yake yakikauka. Makazi yake ni maji yale yale ambayo visima vya nchi kame huyategemea, na kila mpango wa kuyavuta kwa wingi zaidi unapaswa kumhesabu kabla pampu hazijasimikwa.