Kwani Si Unabonyeza Tu?

Kikao cha harusi kikiitishwa, mambo yanapangwa hivi: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, muziki, keki, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kama upande mmoja ni Wachaga, gari la maharusi. Kisha mwenyekiti anakuna kichwa, anageuza karatasi upande wa pili na kusema, "Aa, na yule wa picha." Yule wa picha ndiye mimi. Bia zinajadiliwa saa nzima, kreti kwa kreti, kama bajeti ya Serikali pale Dodoma. Mimi najadiliwa watu wameshasimama, wanatafuta funguo za gari.

"Kaka, bajeti imebana. Hebu tufikirie. Kwani si unabonyeza tu?"

Haya, nabonyeza tu. Na MC je, si anaongea tu? Mbona yeye analipwa chote kabla hajashika kipaza sauti? Keki inakatwa, inalishwa watu, kesho yake imebaki harufu kwenye boksi, na hakuna aliyeomba punguzo. Picha ndiyo itakayoning'inia sebuleni mpaka wajukuu waje kuichekea, lakini hiyo ndiyo wanataka niwape kwa bei ya ujirani. Jirani wa nani? Mimi nakaa Tabata, wao Mbezi.

Mtu anayesema unabonyeza tu, mwache abonyeze. Bwana harusi kavaa suti nyeusi tii, bibi harusi kavaa shela jeupe pee, kanisani giza, nyuma ya altare kuna dirisha linaleta jua la saa 8 lote kwao. Kamera ukiiacha ijipimie mwanga yenyewe, yenyewe inapenda dunia nzima iwe kijivu. Ikiona shela tupu inasema mwanga umezidi, inalifanya shela rangi ya majivu. Ikiona suti tupu inasema giza, inaongeza mwanga mpaka shela linageuka wingu na kazi ya shanga yote imepotea, zile shanga alizozipigia hesabu mama mzazi. Mimi napima hapo katikati, nimepiga goti, mgongoni nina begi, na mama wa kwaya amenikanyaga kidole na wala hajui.

Na hapo bado sijagombana na saluni. Kamati nzima niliiambia: saa 10 jioni tuwe Coco Beach, mwanga umelala, bahari imetulia, Daraja la Tanzanite linaonekana vizuri kule nyuma. Wote wakaitikia. Jua la Dar halijui kubembeleza. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na kama saa moja kasorobo, na likishazama giza linaingia palepale. Saa 10, bibi harusi yuko kwenye kope. Saa 11, kope moja imekubali, ya pili inasumbua. Wanafika ufukweni saa 12 na nusu, daraja limebaki taa, bahari imebaki sauti, na mpambe wa bwana harusi ananigeukia: "Si una flashi?" Ninayo, shemeji. Flashi inamulika watu, haimuliki Bahari ya Hindi.

Wa kumaliza kabisa ni mjomba mwenye tableti. Pete inapoingia kidoleni, sekunde ile moja ambayo ndiyo nililipwa nusu kwa ajili yake, mjomba anainuka na kitu kipana hicho, anakiweka mbele ya lenzi yangu. Jumatatu wananiuliza picha ya pete iko wapi. Ipo. Imo ndani ya tableti, nyie wenyewe mnaiona pale kwenye kioo chake, nimempiga mjomba akiwa anaipiga.

Sasa njooni kwenye msimu. Zamani nilikuwa napumua: Wakristo wakiwa kwenye Kwaresima, Waislamu wanaoa, Ramadhani ikiingia, Wakristo wanaoa. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ikarudi, ikarudi, mwaka huu wa 2026 wakagongana uso kwa uso. Jumatano ya Majivu 18 Februari, na wiki hiyohiyo Ramadhani ikaanza. Mji mzima hakuna aliyeoa. Watu wakifunga wanapata thawabu. Mimi nashinda njaa hivihivi.

Nikasema basi, mwezi huu wa ukame nikarabati studio. Fremu yangu, chumba cha duka nilichopanga, ni ya chini, ukuta unatoa chumvi, rangi inabanduka yenyewe inamdondokea mteja begani. Nikamwita fundi. Akaja na kijana wake wa kusaidia, akagonga ukuta kwa kidole, akausikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, kisha akanitajia hela.

Nikamwambia, "Fundi, acha hizo bwana. Kwani si unapaka tu?"

Akanitazama. "Bosi, kupaka ni mwisho. Kazi iko kwenye skimu." Akaanza kunielezea hiyo plasta laini ya kusawazisha ukuta, msasa, kuziba nyufa, kuacha ikauke. Maneno mengi. Mimi najua mafundi, nikampunguza mpaka nusu, na katika hiyo nusu nikampa advansi. Kwani anatumia nini, si brashi?

Kesho yake hakuja. Keshokutwa akaja saa 5, akaomba hela ya chai. Baada ya chai akaniambia ukuta wa chumvi dawa yake ni kuuvika mbao za jipsamu, pande zote mbili, hutaiona tena chumvi maishani. Ni kweli, siioni. Iko nyuma ya jipsamu inaendelea na maisha yake. Ila chumba changu kilikuwa na upana wa mita 2.80, na karatasi ile ya kuning'iniza nyuma ya mteja, roli lake ni mita 2.72. Fundi kaweka vyuma huku, kaweka vyuma kule, kapiga mbao, kapiga skimu juu yake. Nikapima kwa futi kamba: mita 2.66.

"Fundi, chumba kimepungua."

"Hakijapungua bosi, kimependeza."

Rangi nilimwelekeza kwa mdomo, nikamwandikia na ujumbe: nyeupe, ya maji, isiyong'aa. Nikatoka kwenda Kariakoo kutafuta stendi za taa. Narudi nakuta ukuta mmoja ni kijani, wa mafuta, unang'aa unaweza kujinyolea ndevu. Nyeupe iliishia njiani, na hii ya kijani ilibaki kwenye kazi yake ya Kimara, akaona asiniingize gharama. "Halafu inaoshwa," akaongeza, kama mtu anayesubiri shukrani.

Nyumba ya kuishi, sawa, kijani kina raha yake. Studio ni shida nyingine. Mwanga ukipiga ukuta unarudi na rangi ya ukuta. Mzee mmoja kaja kupiga picha za paspoti, mtu mzima na afya yake, kwenye picha shavu la kushoto limekuwa la kijani. Akaikodolea macho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi nimewahi kuona ugonjwa wa namna hii. Na flashi nayo ikigonga ile rangi ya mafuta inanirudia mwenyewe kwenye lenzi.

Karatasi ndiyo nimeikata kwa msumeno, roli lote, mimi mwenyewe na kijana wa fundi kalishikilia, akadai hela ya kushika. Ukuta wa kijani nimeufunika na shuka la hotelini. Msiniulize hoteli gani.

Mwenye nyumba kapita jana. Kasimama mlangoni, kaitazama dari, kagusa ukuta, kauliza jipsamu tumenunua wapi. "Fremu sasa imekuwa ya kisasa," akasema. "Mkataba ukiisha tutazungumza." Chumvi ilipokuwa inadondoka alikuwa hapiti.

Na harusi zimerudi zote kwa mpigo, Jumamosi moja naulizwa na kamati tatu, na kila kamati bajeti imebana. Hapa nilipo nahariri picha za wiki iliyopita. Bibi harusi kanipigia usiku: kwenye ile picha ya ukoo mzima nimtoe shangazi, kavaa sare ya upande wa pili makusudi. Kumtoa mtu aliyesimama katikati si kumfukuza kikaoni. Pale alipokuwa lazima uchore ukuta, uchore na mkono wa jirani yake aliokuwa ameuegemea. Nimefanya mpaka adhuhuri. Shangazi hayupo, pale pana maua.

Muda huu kaingia ujumbe. "Kaka samahani, mrudishe shangazi. Tumefungua zawadi, kumbe friji ni lake. Na kama inawezekana msogeze mbele kidogo, akae karibu na mama."