Hema la baiskeli lisimame lenyewe

Ukiulizia hema la mtu mmoja la kubeba kwenye baiskeli, utaulizwa kwanza uzito. Mimi ningekuuliza utalala wapi.

Huku kwetu msafiri wa baiskeli halali porini kila siku. Jua likielekea kuzama anapiga hodi shuleni, zahanati au kanisani, anaomba pa kujihifadhi. Pale Soni, katikati ya mpando wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, milima ya Usambara, Tanzania, mwalimu mmoja mzee alinionesha kibaraza cha darasa. "Hapa mvua haikupati, mwanangu." Nikamshukuru, kisha nikatoa kihema changu kisichofika kilo moja, cha nguzo moja na vigingi sita. Vigingi kwenye saruji! Nikafunga kamba moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine kwenye tofali, ya tatu kwenye baiskeli. Saa nane usiku baiskeli ikanilalia.

Tangu hapo sitaki hema lisilosimama lenyewe bila vigingi. Na liwe la matabaka mawili, chandarua ndani na turubai nje. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wake una baridi. Kwenye tabaka moja pumzi yako inagonga nailoni ya baridi na kugeuka maji. Alfajiri ukiinua kichwa tu umeshaoga. Kwenye mawili, maji mengi yanabaki kwenye turubai, wewe huligusi. Ukipewa kibaraza, unasimamisha chandarua peke yake: mbu nje, upepo ndani.

Machela, kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza, sina ugomvi nayo, ila inataka miti miwili, na mwalimu hatakuruhusu kuning'inia kwenye mlingoti wa bendera.

Kabla ya kulipa, pima nguzo zikiwa zimekunjwa. Zikizidi sentimita 30 hivi hazikai vizuri ukilifunga hema katikati ya usukani uliopinda kwenda chini. Utaishia kuzifunga kwenye keria. Uzito? Kilo moja na nusu inanitosha. Hizo gramu 600 hivi zinazozidi kile kihema cha nguzo moja ni pungufu ya chupa ya maji ya lita moja. Ukitaka kupunguza mzigo, anza na ile jinzi ya pili.

Rangi chukua kijani au kijivu, usionekane toka barabarani. Watoto wa shule watakuona tu. Wa Soni walinizunguka asubuhi kabla sijavaa viatu, mmoja akachungulia na kuuliza choo kiko upande gani.