Aliyesimama Nyuma ya Mgeni Rasmi

Chukua albamu yoyote ya mahafali ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya miaka ya sabini au themanini, uifungue katikati. Utamkuta mgeni rasmi, utawakuta maprofesa na majoho yao, na chini ya picha maelezo yaliyopigwa taipu: kuanzia kushoto, fulani na fulani, kila mmoja na cheo chake. Sasa angalia pembeni. Kuna mzee ameshika sinia la glasi. Kuna mama na kanga yake begani, anachungulia. Hao hawakuandikwa.

Ndiyo maana nikisikia mpango wa kuhifadhi picha za zamani za chuo, halafu mazungumzo yote yanaishia kwenye bei ya mashine ya kuskani, nachoka. Mashine si shida. Hata simu nzuri inatosha kwa kuanzia. Wanaotuponyoka ni wale wanaoweza kunyoosha kidole na kusema huyu ni nani.

Historia kubwa ya Mlimani haina njaa ya watunzaji. Tunajua chuo hakikuzaliwa mlimani, kilianzia kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, na wanafunzi wachache wa sheria, kikapanda kilimani 1964, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Julai 1970. Tunajua maandamano ya 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipokataa masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia na papo hapo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Tunajua mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapa na Yoweri Museveni alisoma hapa. Ukumbi wa Nkrumah ulichapwa mpaka kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Hayo hayapotei leo wala kesho.

Ya Changanyikeni je? Ya Msewe, Makongo, Mlalakuwa? Hivi ni vitongoji vilivyokua pamoja na chuo, vikakilisha, vikakifulia, vikakilinda usiku. Picha zake hazimo kwenye makabati ya utawala. Zimo majumbani, kwenye masanduku ya bati, katikati ya picha za ndoa na za kipaimara, na humo ndani chuo kimejaa tele.

Marehemu baba mdogo wangu alikuwa jikoni kafeteria. Kwenye albamu yake kuna picha ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kwa meno ya msumeno kama ilivyokuwa fasheni. Wanaume sita na aproni nyeupe, wamejipanga kama timu ya mpira: wanne wamesimama, wawili wamechuchumaa, wa katikati kashika mwiko mkubwa kama vile ndiyo kombe lenyewe. Nyuma imeandikwa kwa biki, "Mimi na zamu ya asubuhi". Basi. Hakuna mwaka, hakuna jina. Shangazi ndiye aliyenifungulia. Alivaa miwani, akacheka, akasema huyu wa mwisho kulia si mpishi hata kidogo, ni mlinzi wa getini. Aliona mpiga picha anakuja, akaazima aproni aingie.

Mashine gani ingenipa hiyo? Na shangazi hatakuwepo siku zote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye moyo wa kazi hii: kaeni kwanza na wazee, mashine baadaye. Rekodini sauti wakati kurasa zinafunuliwa, maana ukurasa mmoja huvuta mwingine, na mzee akishaanza na harusi atafika mwenyewe kwenye mgomo. Msibandue picha. Zile albamu za kunata, zenye nailoni juu, gundi yake hung'ang'ania picha kadiri miaka inavyopita, na ukivuta kwa nguvu utabaki na nusu ya sura. Piga ukurasa mzima kama ulivyo. Kwanza mpangilio wa mwenye albamu nao ni habari: kwa nini alimweka mkuu wa idara karibu na jirani aliyemkopesha baiskeli? Mkihitaji kuandika nyuma ya picha, tumieni penseli laini. Na anzeni na za rangi, maana nyingi za miaka ya sabini zimeshageuka wekundu mtupu, wakati nyeusi na nyeupe bado zinadunda.

Tunapenda kulalamika kwamba picha zetu ziko ughaibuni. Ni kweli. Mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Nyingi zilitoka kwenye albamu za Wazungu waliokuja huku kutawala, kuhubiri na kutembea. Humo mara nyingi Mzungu ana jina na mpagazi ni mpagazi tu. Inaudhi. Ila maelezo ya picha zetu za mahafali tuliyaandika wenyewe, baada ya uhuru, na mzee wa sinia tukamwacha vilevile.

Maktaba ya chuo ina kitengo cha East Africana, cha machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki, na wanafunzi wa historia wapo. Wangeweza kwenda Msewe Jumamosi, wakakaa ofisi ya serikali ya mtaa, watu wakaleta albamu zao. Ila ruhusa iombwe picha kwa picha. Bibi wa leo ambaye mwaka 1969 alipigwa picha na minisketi, Operesheni Vijana, ile kampeni ya vijana wa TANU ya kupiga vita minisketi, ikiwa imepamba moto, ana haki ya kusema hiyo iacheni (mimi ningemsihi aitoe, ndiyo tamu kuliko zote).

Na albamu isitoke mikononi mwa mwenyewe. Zichukuliwe nakala palepale, aondoke nayo. Naifahamu familia moja iliyoazimisha ya kwao kwa ajili ya maonyesho ya ofisi fulani, wakaahidiwa wiki mbili. Kila wakifuatilia wanaambiwa mhusika alihamishwa. Ukienda kwao kuomba picha, jiandae kuulizwa ile ya kwanza iko wapi.