Babu Anasimulia Mkonge, Laptop Inasikiliza Dawa ya Kunguni

Babu mzaa mama anakaa Muheza, na kichwani mwake mna mambo ambayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Nani kazaliwa na nani. Mpaka wa shamba la machungwa unapita upande gani wa mwembe. Maisha ya kambi za mkonge enzi za manamba, watu walipoletwa kutoka mbali na kila mmoja akapewa kipande, yaani kadi ya kazi yenye siku 30 za kujaza. Hukwenda kazini leo, siku haijazwi, na mshahara utausubiri hadi zote zitimie. Ukoo ukakubaliana mzee arekodiwe, nikatumwa mimi kwa sababu nina laptop. Kwetu mwenye laptop ni fundi wa kila chenye waya, pasi na friji zikiwemo.

Rekoda niliiazima kwa mzee mmoja, mwandishi wa habari mstaafu. Ya kizamani, inakula betri mbili zile ndogo za rimoti, na kazi yake iliifanya bila tatizo. Babu alianza baada ya chai. Adhuhuri inaingia, bado yuko 1893, Mjerumani anateremsha miche ya kwanza ya mkonge pwani, na anaieleza kama aliyesaidia kuipakua. Alipomaliza zilikuwa zimejaa saa nne za maneno.

Kimbembe kikaanzia Mbagala, sebuleni kwangu. Nimeigeuza rekoda juu chini natafuta tundu la USB. Hakuna. Ina matundu mawili tu, moja la hedifoni na moja la maiki. Rekoda nyingi za bei nafuu za zamani ndivyo zilivyo: aliyezitengeneza alidhani utasikiliza huku unaandika kwa mkono, basi. Hakuna faili la kukopi. Unachomeka waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, unabonyeza pleya huku, na kule Audacity, programu ya kurekodi sauti, inarekodi upya. Na njia ya mkato haipo. Maneno ya saa nne yanahama kwa saa nne.

Muuza vifaa akanipa waya wenye pini pande zote mbili, akaniapia kuwa "huu unaingia popote." Kweli uliingia. Laptop yangu ina tundu moja la sauti, lina kichoro cha hedifoni yenye maiki. Nikachomeka, nikabonyeza, rekoda ikanyamaza kama inavyotakiwa ukiichomeka waya, na kwenye Audacity mistari ikaanza kucheza, juu chini, juu chini. Unataka ushahidi gani zaidi? Nikajinyoosha kwenye kochi kulinda mitambo.

Jioni nikageuza kuwa MP3, nikaikata vipande ili WhatsApp isigome, nikavirusha kwenye grupu la ukoo na maneno mazito: "Ndugu zangu, hii ndiyo hazina tuliyoachiwa. Sikilizeni kwa utulivu, na watoto wasikilize."

Wakasikiliza na watoto.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mdogo wa Arusha, kwa sauti, analia. "Jamani, baba anapumua vibaya! Hiyo si pumzi ya mtu mzima, hiyo ni kifua! Mpelekeni hospitali usiku huu!" Binamu mmoja akajibu kuwa kampigia babu sasa hivi na yuko anakula muhogo. Mama mdogo akauliza, sasa huyo anayekoroma nusu saa nzima ni nani?

Nikafungua kipande cha kwanza. Feni. Kochi linalia. Halafu mkoromo, ambao sitauzungumzia. Kwa mbali kijana wa kipaza sauti anapita mtaani: "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto!" Anapita, anarudi, anapita tena. Mita ya LUKU inalia pii, pii. Babu hayumo hata kwa neno moja.

Kipande cha tatu ndicho kilichotuua. Mke wangu na jirani yake wanachambua dagaa, na wanamchambua mjomba wangu pamoja nao. Kwamba kwenye harusi ya mwaka jana aliahidi laki mbili mbele ya kamati, akaja na kadi tupu, akakaa meza ya mbele, na wakati wa kuondoka akabeba hotpoti tatu za pilau "za wagonjwa nyumbani." Jirani anauliza, "Wagonjwa gani?" Mke wangu anasema, "Mgonjwa ni yeye." Wanacheka hadi sufuria inaanguka.

Grupu lina watu zaidi ya sitini, na mjomba ni admini.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo kwa fundi, nimebeba kila kitu kama ushahidi mahakamani. Akautazama waya, akanionyesha pini: mistari miwili myeusi. Akatoa pini ya hedifoni ya simu: mistari mitatu. Tundu la laptop yangu linataka ile ya mitatu. Ikikosa mguso wa nne, ambao ndio wa maiki, laptop inajua umechomeka hedifoni tupu. Maiki yake ya ndani inabaki wazi, inanasa chochote kilichoko chumbani. "Hapo," akasema fundi, "rekoda inasema, na laptop nayo inajiandaa kusema. Vinywa viwili, sikio hakuna."

Akaniuzia kidude cha USB chenye matundu mawili, la hedifoni na la maiki, kila moja kwake. Akanisisitiza nipunguze sauti ya rekoda, maana tundu la maiki limezoea sauti nyembamba na ukilimwagia ya hedifoni maneno yanapasuka. Nikaenda, nikachagua kile kidude ndani ya Audacity, nikapiga makofi karibu na laptop: mistari kimya. Nikabonyeza pleya: babu huyo. Safari hii niliweka hedifoni masikioni, na mke wangu akahamishia dagaa uani.

Grupu lilikuwa kimya tangu ile jioni, watu wanamsubiri mjomba. Akaandika sentensi moja: "Zilikuwa hotpoti mbili."

Sauti za kweli nikazituma, watu wakashukuru, mama mdogo akalia tena ila safari hii kwa furaha. Babu mjukuu wake mmoja ndiye anayemshikia simu. Baada ya siku chache akanipigia.

"Nimesikiliza," akasema. "Hiyo ya pili umeniletea mambo ninayoyajua yote. Ile ya kwanza, yule mkeo na mwenziwe, haikuendelea?"