Mpemba alikuta maabara ya baiolojia iko wazi

Juzijuzi saa tano usiku mtoto wa dada yangu kanitumia linki. "Shikamoo mamdogo, hebu niangalizie hii, nimeitoa kwenye gurupu letu la PCB." PCB ni mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Yuko likizo ya Juni, kamaliza fomu faivu kwenye shule moja ya bweni upande wa Njombe, mwezi wa saba anaingia siksi, kwa hiyo hizi wiki chache za kushika simu anazitumia kweli kweli, bando la wiki linakata siku ya tatu. Nikafungua. Ni nafasi za wanafunzi wa sekondari kwenda kujifunza utafiti wa tiba kule NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kiangazi chote unakaa chini ya mtafiti, na hela ya kujikimu unapewa. Juu wameweka picha ya mabinti wawili wamevaa makoti meupe wanacheka huku wameshika pipeti, kile kifaa cha kuvutia vipimo vidogo vya maji (mimi niko maabara mwaka wa kumi na moja sasa na sijawahi kuona mtu anacheka na pipeti mkononi, ukicheka umeharibu).

Nikashuka taratibu mpaka kwenye masharti, na pale ndo habari ilipoishia: lazima uwe raia wa Marekani au una ukaazi wa kudumu wa kule. Nikampigia nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema "haya basi mamdogo, sawa."

Hiyo "haya basi sawa" imenikaa kooni mpaka leo ndo maana naandika.

Maana hizi linki zinazunguka kila siku na nyingi ni hivyo hivyo, kama si uraia basi ni ada ya maelfu ya dola, sasa mzazi anayelima viazi Uyole auze nini hapo, auze na shamba? Zipo chache zinazopokea watoto wa nchi nyingine bila ada, ile programu ya utafiti ya kiangazi ya RSI inayofanyika pale chuo cha MIT Marekani kwa mfano, ila dunia nzima inagombania viti vichache. Sisemi watoto wasijaribu, wajaribu, mwenye bahati yake ataipata. Na Wamarekani siwalaumu hata kidogo, wale wanatunza watoto wao. Swali langu ni sisi tunawatunza wa kwetu saa ngapi.

Kwa sababu angalia mahali tunapokaa. Huyu binti akiwa hapa kwangu Mbeya, kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR kiko umbali wa nauli ya bajaji. Siyo kituo cha kubahatisha, wanashirikiana na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani tangu miaka ya 90, wanafanya majaribio ya dawa za TB, na lile jaribio la chanjo ya UKIMWI la PrEPVacc lilifanyika hapa hapa Mbeya, pamoja na Dar, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini. Mwaka 2023 wakasimamisha kuchoma zile chanjo kwa sababu ilishaonekana hazitaweza kukinga. Mtoto wa PCB angekaa hata wiki mbili tu kwenye mazingira kama yale angejifunza kitu ambacho hakuna noti ya baiolojia inayokifundisha, kwamba watu wazima na shahada zao wanafanya kazi miaka mitatu halafu jibu linakuja hapana, na hiyo hapana inaandikwa na inahesabika ni kazi. Shuleni ukipata jibu tofauti na la kitabu unalifuta kwa raba.

Halafu ugonjwa wenyewe ni wa kwetu. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu inayoongoza ni hii yetu. Hawa watoto hawahitaji kuhadithiwa, wengi wana mjomba au shangazi anayemeza dawa kila jioni.

Sasa nikueleze stori moja ninayoipenda. Mwaka 1955 kulikuwa na kijana wa sekondari wa miaka 17 anaitwa David Baltimore, likizo yake akaenda kwenye maabara inaitwa Jackson Laboratory, iko Bar Harbor, jimbo la Maine, kazi kubwa pale ni panya. Akamkuta kijana mwenzake aliyemzidi miaka mitatu hivi, Howard Temin, ambaye ndo alikuwa kama kaka mkubwa wa wale wanafunzi wote. Wakaachana kila mtu na njia yake. Mwaka 1970 wale wawili, kila mmoja kwenye maabara yake, wakatangaza kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachogeuza RNA kuwa DNA (zote mbili ni molekuli zinazobeba taarifa za urithi), na mwaka 1975 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja na mtafiti mwingine, Renato Dulbecco. Kimeng'enya hicho ndicho tunachokitumia kwenye kupima wingi wa virusi, kwa sababu VVU vinabeba taarifa zao za urithi kwenye RNA na mashine inataka DNA ndo ihesabu. Kwa hiyo yule mama wa Mbalizi anayekuja kuulizia majibu yake kama virusi vimeshuka, majibu yake yamepita mkononi kwa hao vijana wawili wa likizo. Sisemi kila mtoto utakayemwingiza maabara atapata Nobel, jamani, wengine watavunja vioo tu. Ila huwezi kujua ni yupi mpaka umwingize.

Na usiseme hayo ni ya wazungu. Kilifi hapo jirani zetu Kenya, ule mradi wa utafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome wanachukua vijana wa kaunti ile waliomaliza kidato cha nne, wanawaweka kwa miezi kadhaa ndani ya kituo na watafiti. Kidato cha nne! Na sisi huku mtoto akimaliza fomu foo mwezi wa kumi na moja, matokeo Januari, fomu faivu Julai, anakaa nyumbani miezi saba anachota maji na kuangalia tamthilia. Akimaliza siksi mwezi wa tano, wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wanaenda zao Mafinga na kwingine, wakirudi chuo bado mpaka Oktoba huko. Muda upo mwingi tu, tunautupa.

Na tunaye wa kwetu pia, Erasto Mpemba. Wengi tunaijua ya aiskrimu, 1963, yuko fomu tatu Magamba kule Lushoto, kaweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza yakaganda kabla ya yaliyopoa. Kipande ambacho watu hawakitaji ni kile cha Iringa. Alikuja Mkwawa kusoma kidato cha tano na sita, akamuuliza mwalimu, akaambiwa kwa kejeli hiyo ni fizikia ya Mpemba. Sasa siku moja mchana akapita akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, zile glasi za maabara, moja akaweka maji ya bomba, nyingine ya moto, akaziingiza kwenye friji ya maabara, baada ya saa moja akarudi kuangalia, barafu nyingi iko kwenye ile ya moto. Ndo akapata nguvu ya kumuuliza Dkt. Osborne wa chuo kikuu cha Dar alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara, wenzake wakamcheka, Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakaandika wote wawili kwenye jarida. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lenyewe. Mimi kila nikiisoma macho yanabaki pale kwenye mlango. Ungekuwa na kufuli siku ile?

Kufuli zetu nazijua. Nilipomaliza siksi niliandika barua kwa mkono, nikaenda kwenye maabara moja kubwa kuomba kujitolea hata kuosha vioo. Mlinzi akaipokea getini, "iache hapa binti, watakupigia." Simu yenyewe niliyoandika ilikuwa ya jirani. Nilimsumbua yule mama mwezi mzima, mama fulani vipi, hawajapiga?

Na kabla hujanionea huruma, mwaka jana walikuja vijana watatu ofisini kwetu, sare zimepigwa pasi, wana barua ya mwalimu wao na mhuri, wanataka kuona tu jinsi damu inavyopimwa. Niliwarudisha mimi. Nikawaambia utaratibu hauruhusu, mkaongee na uongozi, nikijua kabisa uongozi hautawajibu. Nilikuwa na sampuli za kliniki zimejaa na mashine imegoma tangu asubuhi, lakini hiyo ni sababu ya siku ile tu. Kesho yake ningeweza kuwatafuta. Sikuwatafuta.

Najua hoja za wenzangu maana hata mimi nazitumia. Kuna makohozi ya TB mle ndani, kuna siri za wagonjwa, mtoto chini ya miaka 18 akijichoma sindano nani atasaini. Kweli tupu. Lakini nani kasema aanze na makohozi? Mpe pipeti na maji. Nilivyoingia chuo nilikuwa sijawahi kuigusa, ina vituo viwili kwenye kile kitufe, unabonyeza mpaka cha kwanza ndo unavuta, cha pili ni cha kutolea tone la mwisho. Mimi nikabonyeza mpaka chini kabisa halafu nikavuta, kila mrija ukapata ziada, darasa zima limepata mstari ulionyooka kwenye grafu mimi nina mlima Rungwe. Ungenipa pipeti nikiwa fomu faivu, na mzani, ukaniambia vuta mikrolita 100 za maji upime, mzani ukisoma gramu 0.1 umepatia, mchezo huo haumwambukizi mtu yeyote na unaweza kuufanyia kwenye chumba cha mapokezi.

Kitu kingine ni kwamba wenyewe hawajui kuna kazi gani. Nilimuuliza binti yetu anataka kuwa nani, "daktari," nikamuuliza na ukikosa? "Nesi, au basi." Hajui kuna mtu kazi yake ni takwimu za majaribio ya dawa, kuna mwingine kazi yake ni kukaa na mgonjwa kumsomea fomu ya ridhaa kwa Kisafwa mpaka aelewe anachokubali, kuna fundi wa zile friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Mimi mwenyewe sikujua.

Basi Jumamosi nikamwambia njoo jikoni. Ndizi moja mbivu ya Tukuyu, tukaiponda na uma kwenye bakuli, kijiko cha chumvi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu kidogo, tukachuja na chujio la chai. Spirit ya duka la dawa nilikuwa nimeiweka nje dirishani usiku kucha, Juni hii Mbeya huhitaji friji. Ukiimimina taratibu pembeni ya glasi inakaa juu, halafu pale katikati vinaanza kupanda vinyuzi vyeupe kama kamasi. Nikamwambia kwa madaha, haya, DNA hiyo.

Akaangalia weee. Akavizungusha na kijiti cha meno. "Mamdogo, sasa nitajuaje kama hii ni DNA na siyo ute tu wa ndizi?"

Miaka kumi na moja maabara na sikuwa nimejiandaa kuulizwa hivyo. Na kweli, mle ndani kuna pektini pia, ule ute ute, nao spirit inaugandisha. Nikamuuliza wewe ungefanyaje. Akafikiria huku anasugua mikono kwa baridi, akasema turudie glasi mbili, moja tuweke sabuni moja tusiweke, kwa sababu sabuni ndo inapasua seli, kwa hiyo kama vinyuzi vinatoka sawa sawa basi mamdogo umenidanganya. Tukamaliza ndizi za watu. Yenye sabuni ilitoa vingi, isiyo na sabuni nayo ikatoa, vichache lakini vipo. Akakunja uso, akaniambia imefeli. Nikamwambia andika hivyo hivyo ulivyoona, na saa, na ni ndizi ya ngapi.

Barua ya kuomba tuwe tunapokea wanafunzi wanne kila likizo, kwa kuanzia na maji na pipeti tu, nimeiweka mezani kwa bosi Jumatatu. Ile ya vijana watatu nimeipata bado iko kwenye droo yangu, ina namba ya simu ya mwalimu wao. Binti kapanda basi la Njombe leo asubuhi, daftari kaweka kwenye begi dogo la mkononi, kaniambia shuleni kuna spirit kwa matroni ila ndizi ndo atazitoa wapi.