Unafuta historia ya nani?

Wengi wetu tuna mazoea haya. Mtu akimaliza kuperuzi kwenye kivinjari chake, kiwe Chrome au kingine, anabonyeza vidoti vitatu pale juu, anaingia kwenye Historia, anachagua kufuta kila kitu tangu siku ya kwanza, anathibitisha. Basi, roho kwatu. Wapo wanaofanya hivyo kila usiku kabla ya kulala, tena bila kukosa, kuliko hata mswaki. Mimi niliacha siku nyingi, na si kwa uvivu. Naona tunafuta nakala inayotufaa sisi, halafu tunawaachia Google na wenzake ile inayowafaa wao.

Chukua mfano wa mtu anayetafuta dalili za vidonda vya tumbo. Akishafungua ukurasa mmoja tu, kumbukumbu ya jambo hilo inakaa sehemu kadhaa. Kwanza ni ndani ya kivinjari chake, humo humo kwenye simu. Kisha kuna akaunti: kama ameingia kwa Gmail yake na hajazima mpangilio wa shughuli za wavuti, Google inahifadhi alichotafuta kwenye ukurasa uitwao Shughuli Zangu. Kuna tovuti yenyewe, na makampuni ya matangazo yaliyojipachika humo, yanayomtambua kwa vidakuzi, yaani vialama vidogo vinavyoachwa ndani ya kivinjari chake. Na kampuni ya simu iliyomuuzia bando inaweza kuona ameingia tovuti gani, ingawa tovuti ikiwa ya https (yenye mawasiliano yaliyofungwa) haioni ni ukurasa upi wala alichoandika. Sasa kile kitufe cha kufuta kinagusa hiyo ya kwanza, pamoja na vidakuzi kama ameviwekea tiki. Huko kwingine hakifiki.

Na tazama kinachotokea kesho yake. Yule aliyefuta anakumbuka kuna ukurasa mzuri aliusoma jana, jina halikumbuki. Anafanyaje? Anarudi Google, anauliza upya swali lile lile. Google ilikuwa nalo tangu jana, sasa imelipata mara ya pili, na juu yake imejua kwamba jambo hili linamkera kiasi cha kurudiwa. Angekuwa na historia yake angeandika herufi mbili tatu kwenye sehemu ya anwani, ukurasa ungejitokeza, angeingia moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Anayefuta kila siku kwa kuiogopa Google ndiye anayeipelekea kazi kila siku.

Historia ya kivinjari ni daftari lako. Humo mna ule ukurasa wenye utaratibu wa kuhamisha hati ya kiwanja, mna yale maelezo ya fundi wa India kuhusu friji inayogandisha upande mmoja, mna bei uliyoiona kabla muuzaji hajaipandisha. Chrome yenyewe huitupa baada ya siku 90, hata usipoigusa. Firefox ya kompyuta huiweka muda mrefu zaidi, hata miaka, mradi mashine ina nafasi. Kwangu mimi hilo peke yake ni sababu ya kuchagua kivinjari, ingawa sijaona watu wakilitaja wanapobishana Chrome na Firefox.

Hali fiche (Incognito) nayo imewapoteza wengi. Ile alama ya kofia na miwani inampa mtu ujasiri wa jambazi. Ilikuja na Chrome tangu ilipotoka mwaka 2008, na kazi yake ni ndogo kuliko sura yake: ukifunga vichupo (tab) vyake vyote, kivinjari hakibaki na historia wala vidakuzi vya muda ule. Faili ulizopakua zinabaki pale pale. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa sababu ilikuwa ikikusanya data za watu waliokuwa kwenye hali hiyo, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2024: Google ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kurekebisha maelezo yake. Siku hizi ukifungua kichupo fiche utakuta imeandikwa kwamba hali hii haibadilishi namna tovuti na huduma zake, Google ikiwemo, zinavyokusanya data. Limeandikwa wazi kabisa, ila nani husoma pale?

Kwa hiyo ukitaka kuchagua kivinjari, usianze na kasi wala rangi. Uliza mwenye nacho anakula wapi. Google inakula kwenye matangazo, na Chrome ni mlango wake. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza Machi 2020 kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa pembeni, yaani vya makampuni yasiyo mwenye tovuti. Firefox tangu mwaka 2022 inaitengea kila tovuti chombo chake cha vidakuzi, ili tovuti moja isichungulie cha mwenzake. Google nayo iliahidi Januari 2020 kwamba itaviondoa vidakuzi vya watu wa pembeni kwenye Chrome, ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, na Julai 2024 ikatangaza kwamba imeghairi. Sikushangaa. Mwenye duka hawezi kuvunja kaunta yake mwenyewe.

Lakini na hawa wengine msiwavishe kanzu nyeupe. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba mwaka 2022 Apple ililipwa dola bilioni 20 ili Google iwe ndiyo inayotafuta ndani ya Safari. Mozilla, wenye Firefox, sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwa Google hiyo hiyo, na Februari 2025 waliwaudhi watumiaji wao walipoondoa kwenye tovuti yao ile ahadi ya kutouza data kamwe. Brave, kivinjari kingine, inajisifu kwa faragha, na kweli inazuia mengi, ila mwaka 2020 ilikutwa ikipachika msimbo wake wa kamisheni pale mtu alipoandika anwani ya soko la sarafu za kidijitali. Nimebaki na Firefox nikijua haya yote.

Sababu yangu nyingine ni ya mfukoni. Firefox ya Android inakubali viongezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, na uBlock Origin, kinachozuia matangazo, ni kimojawapo. Chrome ya simu haikubali kabisa, na ile ya kompyuta imekifungia nje uBlock Origin cha asili kwa kubadilisha kanuni zake za viongezi. Fungua tovuti yoyote ya habari za udaku bila kizuizi, uone: video inacheza yenyewe pembeni, tangazo la kubeti linashuka kutoka juu, jingine linakufuata chini kila unaposogeza kidole. Yote hayo yanakula bando lako, na kila moja linakwenda kuripoti kwamba ulipita. Ukiyazuia umeokoa megabaiti na umewanyima umbea kwa mkupuo mmoja. Huku kwetu ambako bando linanunuliwa la saa 24, faragha ingehubiriwa kwa njia hii watu wangesikia haraka zaidi.

Hapo ndipo mtu ataniambia habari za Opera Mini. Naiheshimu, imewabeba watu wengi tangu enzi za simu za vitufe. Ila ijulikane inavyofanya kazi: ukiweka ule mpangilio wa kubana zaidi, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapita kwenye seva za Opera, unafunguliwa huko, unafinyangwa, ndipo unaletewa. Kwa kusoma matokeo ya mpira haina neno. Kwa benki, hapana.

Kwa ile nakala ya Google kuna dawa, na haichukui muda. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta Shughuli kwenye Wavuti na Programu, uchague ijifute yenyewe. Kuna miezi 3, 18 au 36. Akaunti zilizofunguliwa kuanzia katikati ya 2020 zimewekewa 18 tayari, lakini za zamani, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, zinasubiri mwenyewe uamue. Weka 3, au zima kabisa. Umefuta pale panapostahili kufutwa, na daftari lako la kwenye simu limebaki salama.

Najua wapo wasiomwogopa Google wala nani. Wanamwogopa wa nyumbani, na simu inazunguka mikono mitatu kabla haijarudi. Kwa hao nasema historia tupu nayo inasema. Simu inayotumika mchana kutwa halafu historia yake nyeupe kama karatasi, hata mtoto wa darasa la tano atajua kuna jambo. Firefox ya kompyuta ina amri ya kuisahau tovuti moja tu, na kwenye kivinjari chochote unaweza kufuta mstari mmoja mmoja. Hayo mengine ya ndoa sina utaalamu nayo.

Mahali ambapo kufuta kunatakiwa kweli kweli ni pale ambapo karibu hakuna anayefuta: kwenye kompyuta ya duka la stesheneri, au saiba kwa ndugu zetu wa Kenya. Nenda duka lolote lililo karibu na chuo wakati wa maombi ya mkopo. Andika herufi "m" kwenye sehemu ya anwani, barua pepe ya mtu inafunguka, jina na picha yake juu kulia. Kivinjari kimehifadhi manenosiri ya watu wasiofahamiana, kwa sababu kila aliyeulizwa kama lihifadhiwe alibonyeza ndiyo ili dirisha lile limtoke machoni. Kisha fungua folda ya vipakuliwa: vyeti vya kuzaliwa, namba za vitambulisho vya NIDA, CV, matokeo ya kidato cha nne, barua ya mwajiri, yote yamepangana kwa tarehe, na kijana wa duka anayapita kila siku akitafuta faili la mteja aliyesimama mbele yake. Si kwamba ana nia mbaya. Yamelala tu hapo, na anayekaa kwenye kiti kile baada yako anayaona kama alivyoyaona yeye.

Pale hali fiche ina maana, maana unayejificha naye ni mtu atakayekalia kiti hicho. Ifungue kabla hujaingia kwenye akaunti yoyote, na ukimaliza funga madirisha yake yote. Faili ulilopakua lifute kwa mkono, kisha na kwenye pipa la taka, kwa sababu kufuta orodha ya vipakuliwa kwenye kivinjari hakuondoi faili lenyewe. Usione haya kumwambia kijana akufutie ukiwa umesimama, unamlipa.

Na kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao ili uchapishe waraka mmoja, kutoka dukani si kutoka WhatsApp. Shika simu yako, fungua WhatsApp, bonyeza vidoti vitatu (kwenye iPhone ingia Mipangilio), nenda Vifaa Vilivyounganishwa, uangalie orodha. Usishangae kukuta kompyuta ya duka lingine kabisa, bado imeunganishwa. Iguse, uiondoe.