Kulaani Kusikogharimu Kura

Tarehe 26 Oktoba 2016, Bunge la Kanada lililaani chuki dhidi ya Waislamu kwa kauli moja. Thomas Mulcair, wakati huo kiongozi wa chama cha upinzani cha NDP, alisimama akasoma hoja yake, hakuna aliyepinga, kikao kikaendelea na mambo mengine. Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na ombi la wananchi lililotiwa saini na watu karibu 70,000. Sikumsikia mtu siku ile akilalamika kwamba uhuru wa kusema umezikwa.

Miezi mitano baadaye, tarehe 23 Machi 2017, Bunge hilohilo lilipigia kura hoja M-103 ya Iqra Khalid, mbunge wa Mississauga. Ujumbe ulikuwa karibu uleule: serikali ilaani chuki dhidi ya Waislamu pamoja na kila aina ya ubaguzi wa rangi na wa dini, na kamati ya Bunge ikachunguze namna ya kuupunguza. Safari hii ilipita kwa kura 201 dhidi ya 91, na nchi ilikuwa imechafuka. Watu waliandamana mji baada ya mji kuipinga. Iqra Khalid alimiminiwa barua pepe za matusi na vitisho, na baadhi yake akazisoma mwenyewe mbele ya wabunge wenzake, neno kwa neno, ili ziingie kwenye kumbukumbu za Bunge.

Kati ya tarehe hizo mbili, Waislamu sita walikuwa wameuawa msikitini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kulaani kulipita bila mtu kukohoa wakati hakuna aliyekufa. Walipokufa watu, kulaani kulekule kukageuka ugomvi.

Ilikuwa Jumapili, Januari 29, 2017, kwenye Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu, mtaa wa Sainte-Foy, katika jiji la Quebec. Sala ya isha ilikuwa imekwisha na baadhi ya waumini walikuwa wamebaki wakizungumza, kama tunavyofanya sote baada ya kutoa salamu. Kijana wa miaka 27 akaja na silaha. Waliokufa wawili walikuwa wenyeji wa Guinea, wengine asili yao Algeria, Moroko na Tunisia. Mmoja alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Laval. Mwingine alikuwa na duka la vyakula ambalo wageni wengi Waislamu walilifahamu kabla ya kuufahamu mji wenyewe. Huyu mwenye duka alimrukia muuaji kumzuia, akauawa. Watoto 17 wakabaki mayatima.

Na dalili zilikuwepo. Juni 2016, katikati ya Ramadhani, mtu aliacha kichwa cha nguruwe mlangoni pa msikiti uleule, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi na kadi juu yake.

Ndugu zangu wa Mombasa na Dar es Salaam huniambia, "Nyinyi Kanada mmetulia, serikali yenu inawatetea." Siwakatalii moja kwa moja. Nchi hii iliwapokea Waasia zaidi ya 6,000 waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wengi wao Waismailia, na mmoja wa watoto wale, Arif Virani, mzaliwa wa Kampala, akaja kuwa Waziri wa Sheria. Calgary ilimchagua Naheed Nenshi mwaka 2010, Mwislamu wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa la Kanada, na wazazi wake walitoka Tanzania. Kwa sensa ya 2021 sisi ni karibu milioni 1.8, takriban asilimia tano ya watu wote. Nafanya kazi, nasali, watoto wanasoma. Lakini mtu akiniuliza kama serikali inatutetea, nauliza kwanza: inatutetea wakati gani?

Waliopinga M-103 hawakuwa watu wa aina moja. Wapo waliokuwa na hofu ya kweli, kwamba serikali ikianza kulaani chuki dhidi ya dini fulani, kesho itamfunga anayeikosoa dini hiyo. Hofu hiyo naiheshimu. Mimi ni Mwislamu na sitaki Bunge liulinde Uislamu usiulizwe maswali. Dini yangu imesimama karne kumi na nne bila ulinzi wa Ottawa. Ila hoja ile haikuwa sheria. Haikuwa na faini wala kifungo, na haikubadilisha hata nukta kwenye Kanuni ya Adhabu, ambayo tangu 1970 ilikuwa tayari inakataza kuchochea chuki kwa makusudi dhidi ya kundi la watu kwa rangi, asili au dini yao. Hayo yalielezwa mara nyingi, na waliotaka kuelewa walielewa.

Wengine walikuja na hoja mbadala: tulaani ubaguzi wote wa dini, tusiutaje wa Waislamu peke yake. Ikapigiwa kura, ikashindwa, na mimi nilifurahi. Kwenye matanga humkatazi mtu kumtaja marehemu kwa kisingizio kwamba kila mtu atakufa. Maiti walikuwa hawajakaa kaburini mwezi mmoja, na walikuwa na majina, na waliuawa kwa sababu walikuwa Waislamu.

Kaburini, nimesema. Hata hilo lina kisa chake. Waislamu wa jiji la Quebec hawakuwa na makaburi yao. Aliyetaka kuzikwa kwa taratibu za Kiislamu alipelekwa Laval, karibu na Montreal, kilomita zipatazo 250. Msikiti ukatafuta kiwanja kwenye mji mdogo wa Saint-Apollinaire, pembeni ya msitu, karibu na kampuni ya mazishi iliyokuwa tayari kuuza. Baadhi ya wakazi wakapinga, ikaitishwa kura ya maoni, na waliostahili kupiga kura walikuwa wachache, majirani wa kile kiwanja tu. Julai 16, 2017, zikapigwa kura 36. Kumi na sita zikasema ndiyo, kumi na tisa hapana, moja ikaharibika. Tofauti ya watu watatu. Hakuna aliyewaomba kuupenda Uislamu. Waliombwa ardhi ya kulaza wafu, na wafu hawamsumbui mtu. Agosti, meya wa jiji la Quebec, Régis Labeaume, akatangaza kwamba jiji litawauzia Waislamu ardhi. Siku mbili hivi baadaye gari la rais wa msikiti likachomwa moto nje ya nyumba yake.

Namsifu meya yule. Alitoa ardhi, kitu cha kushika, kwenye mji ambao baadhi ya wapiga kura wake hawakutaka, tena mwaka wa uchaguzi wake. Hapo ndipo ninapopimia viongozi: kwenye jambo ambalo likifanywa, kuna mtu atakasirika.

Kwa kipimo hicho, tuje kwenye sheria ya 21. Januari 31, 2019, siku mbili baada ya kumbukumbu ya pili ya mauaji, Waziri Mkuu wa jimbo la Quebec, François Legault, alisema haoni kwamba kuna chuki dhidi ya Waislamu jimboni mwake, kwa hiyo hakuna haja ya siku maalumu ya kuipinga. Ofisi yake ilikuja kulainisha kauli. Juni mwaka huohuo Bunge lake likapitisha sheria hiyo ya 21, inayowakataza walimu wa shule za umma, polisi, waendesha mashtaka na wengine kadhaa kuvaa alama yoyote ya dini kazini. Kwa maandishi inawahusu wote, Masingasinga na vilemba vyao, Wayahudi na kofia zao, Wakristo na misalaba. Darasani, inayemgusa zaidi ni mwalimu mwanamke mwenye hijabu. Msalaba unaingia ndani ya shati. Hijabu itafichwa wapi? Desemba 2021, huko Chelsea, ng'ambo ya mto tu kutoka Ottawa, mwalimu wa darasa la tatu aliondolewa darasani kwa sababu ya hijabu. Wanafunzi wakatundika mabango ya kumtetea. Walimpenda mwalimu wao, basi.

Na ili mahakama zisiifute, Quebec ilitumia kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki, ulio sehemu ya katiba ya Kanada, kinachoruhusu sheria kusimama hata kama inakanyaga uhuru wa dini.

Wale waliosimama mwaka 2017 kupiga kura ya kulaani walikuwa wapi? Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 2019, na Quebec ina viti 78 kati ya 338. Viongozi wa vyama vikuu vya taifa walisema hawaipendi sheria ile, kisha wakaongeza "lakini". Justin Trudeau alifika mbali kuliko wenzake, na mbali kwenyewe kulikuwa kusema kwamba hafungi mlango wa kuingilia kati siku moja. Viti 78 vilikuwa vizito kuliko walimu.

Fedha ya kwanza ya serikali niliyoiona ikitolewa kupambana na sheria hiyo mahakamani ilitoka kwa jiji. Desemba 2021, Brampton ilichangia dola 100,000 kwa walioishtaki, na Toronto ikaahidi vilevile. Madiwani wanaoshughulika na theluji na takataka walifanya kile ambacho Ottawa ilikiona kigumu.

Sisemi kulaani hakuna kazi. Kamati ya M-103 ilitoa mapendekezo 30 mwaka 2018, na Januari 29 imekuwa siku ya kitaifa ya kumbukumbu tangu 2021. Mwaka huohuo, Juni 6, huko London, Ontario, mtu aliwagonga kwa gari kusudi watu wa familia moja waliokuwa wakitembea jioni, akaua wanne wa vizazi vitatu na kumwacha mtoto wa miaka tisa, na safari hii jaji aliyaita mauaji hayo ugaidi bila kumung'unya. Januari 2023 Amira Elghawaby aliteuliwa kuwa mwakilishi maalumu wa kupambana na chuki hii. Kabla hajakaa kitini, Quebec ilitaka ajiuzulu kwa makala aliyoiandika zamani kuhusu sheria ya 21, na wiki haikuisha akawa ameomba radhi. Mtu aliyeajiriwa kusema, alianza kazi kwa kuombea radhi alichosema.

Kwenye msikiti wetu hapa Ontario, imamu akishatoa takbira ya isha, mlango unafungwa. Kijana mmoja wa kujitolea hubaki ukumbini, mgongo kwa kibla, macho mlangoni, na simu mkononi. Wenzake wakitoa salamu, mmoja wao humpokea zamu, naye husali peke yake nyuma. Madrasani tulifundishwa sala ya hofu, kundi moja lisali na jingine lilinde, na maalimu alitueleza kuwa ni ya vitani. Vijana hawa wanasali hivyo siku ya kazi, wakitoka chuo kikuu na mifuko yao mgongoni.

Shauri la sheria ya 21 limefika Mahakama ya Juu ya Kanada, iliyokubali Januari 2025 kulisikiliza. Virani, akiwa bado Waziri wa Sheria, alitangaza kwamba serikali ya taifa itaingia kwenye kesi. Imeingia, na hoja zake zimejikita kwenye mipaka ya kutumia kifungu cha 33. Ni hoja nzuri kwa wanasheria. Mimi nilikuwa nasubiri serikali iliyolaani chuki mwaka 2017 iseme waziwazi kwamba kumfukuza mwalimu darasani kwa sababu ya mtandio wake ni ubaguzi.

Kila Januari 29 wabunge huja msikitini kwetu. Wanavua viatu, wanaketi kwenye viti tulivyowapangia nyuma, wanazungumza vizuri, wanapiga picha na wazee. Tunawakaribisha kwa chai na sambusa, na tutaendelea kuwakaribisha. Ila kabla ya picha nina swali moja kwa kila atakayekuja, na nimeuomba uongozi wa msikiti ulisome mbele ya jamaa: kuhusu walimu wa Quebec, uliwahi kusema nini ukiwa ndani ya Quebec?